Na ng'ombe je?

Mmeuliza wiki hii: ni filamu gani ya mapenzi uliyosifiwa mno, ukaitazama, ikakuacha mkavu? Yangu ni Sweet Home Alabama ya mwaka 2002. Dada yangu aliniapia kwamba nitacheka hadi mbavu ziniume. Nilicheka mara mbili, na mara zote mbili ni maneno ya mama yangu yaliyonichekesha.

Melanie, anayeigizwa na Reese Witherspoon, ni mbunifu wa mavazi New York, na mwana wa meya amemchumbia. Kumbe huko Alabama alikozaliwa kuna mume, Jake, waliyetengana zamani na ambaye kila akiletewa karatasi za talaka hatii sahihi. Basi Melanie anafunga safari kumfuata. Hapo mwisho umeshaujua, na filamu haijisumbui hata kukuzungusha kidogo. Mchumba wa mjini hana kosa: mpole, ana pesa, anampenda. Anaachwa siku ya harusi, wageni wamekaa vitini, naye anapokea kama mtu aliyeambiwa chai imeisha. Mimi nilichoka hapo. Anayeumia ni mama yake meya tu, tena kwa ngumi ya Melanie.

Niliitazama nyumbani Shinyalu, Kakamega, mwezi wa Aprili, mama akichambua kunde kando yangu. Alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza, "Na ng'ombe je? Walirudishwa?"

Nikamwambia Marekani hawatoi ng'ombe.

"Sasa wazee walikalia wapi hayo maneno?"

Hakuna wazee, mama. Kuna wakili na kalamu. Na kweli, filamu nzima inaning'inia kwenye kalamu hiyo: Jake hatimaye ametia sahihi, kumbe Melanie mwenyewe hajatia. Kwetu mke akiondoka, ukoo huitwa, mahari hutajwa moja moja, hadi yule mtamba aliyekuja anachechemea. Kuna kelele, kuna aibu, kuna shangazi asiyesahau. Humo ndimo kichekesho kingepatikana. Waandishi wa filamu hii wamekiruka.

Halafu kuna radi. Jake huenda ufukweni mvua ikinyesha, akasimika vyuma mchangani ili radi ipige, mchanga uyeyuke uwe kioo. Ni kweli radi huyeyusha mchanga, ila kinachotoka ni kitu cha kukwaruza chenye umbo la mzizi, si lile pambo linalong'aa analolionyesha. Lakini sisi wa Kakamega radi tunaijua kwa matanga. Mama aliweka ungo chini.

"Huyu mwenye vyuma ndiye anarudiwa?"

Wakati huohuo mawingu yakanguruma upande wa msituni. Mama akainuka, akachomoa waya wa televisheni ukutani, akarudi kwenye kunde zake. Kipande kilichobaki nilisimuliwa na dada kwa simu kesho yake, kwa sentensi mbili, na moja ilikuwa ya kuniuliza kama unga umefika.