Riteina yangu ina ukungu mweupe na inanuka. Niisafisheje?

SWALI: Shikamoo daktari. Nilivuliwa waya za meno miezi minane iliyopita. Meno ya juu navalia riteina, kile kifaa cha kuyashikilia meno yasihame, ya plastiki angavu, wakati wa kulala, na ya chini nimegandishiwa kijiwaya kwa nyuma, kwenye meno ya mbele. Ile ya juu imefifia, ina ukungu mweupe na chembechembe ngumu, na asubuhi nikiivua inanuka. Naisugua kila siku kwa mswaki na dawa ya meno lakini naona inazidi kufifia tu. Dada yangu ananishauri niitumbukize kwenye maji ya moto ili vijidudu vife. Nifanyeje? Na hicho kijiwaya cha chini kinasafishwaje?

JIBU: Marahaba. Kabla ya yote, birika la dada likae mbali. Plastiki ya riteina yako ilipashwa moto mpaka ikalegea, ikavutwa juu ya kielelezo cha meno yako, ikapoa na kushika umbo lile. Ukiipasha moto tena italegea tena, na safari hii hakuna kielelezo ndani yake cha kuishikilia. Mgonjwa mmoja aliwahi kuniletea ya kwake imejikunja kama jani kavu, akaomba nimnyooshee. Hainyooshwi, hutengenezwa nyingine. Tena afadhali ile iliyojikunja waziwazi. Yenye hatari ni iliyopinda kidogo, ambayo jicho halioni: unaivaa usiku kucha ukidhani inayashikilia meno, kumbe inayasukuma. Kwa hiyo maji yawe ya kawaida, au vuguvugu ambalo ungemwogeshea mtoto mchanga. Mashine ya kuoshea vyombo, maikrowevu na gari lililoegeshwa juani, vyote hivyo ni birika kwa jina jingine.

Tuje kwenye ukungu. Sehemu yake kubwa nadhani umeutengeneza wewe mwenyewe, kwa nia njema kabisa. Dawa ya meno ina unga laini wa kukwangulia, mara nyingi silika au kalisi kaboneti. Jino ni gumu, linaustahimili. Plastiki ni laini, inachubuka. Kila asubuhi umekuwa ukiichora mistari midogomidogo, na mistari hiyo ikiwa mingi hutawanya mwanga, ndiyo maana plastiki inaonekana kama kioo kilichopuliziwa pumzi. Kisha vijidudu hupata vijibonde vya kujificha, harufu inaongezeka, nawe unaongeza dawa ya meno na nguvu za mkono. Acha dawa ya meno leo hii.

Lakini si kila weupe ni mchubuko. Ikaushe, iinue dirishani, ipitishe ncha ya kidole taratibu. Pakiteleza kama jiwe la mtoni, huo ni ukoga mbichi: utando wa vijidudu na mabaki ya mate, na huo ndio unaonuka. Pakikwaruza kama msasa, ni ukoga uliokwisha kuganda. Mate yana kalisi na fosfeti, na ukoga ukiachwa hapo madini hayo huugeuza kuwa kitu kinachofanana na chokaa ya sufuria ya maji. Na pakiwa laini, hapatelezi wala hapakwaruzi, ila kuna mistari inayofuata njia ya mswaki, hiyo ndiyo michubuko.

Chembe zako ngumu nakisia ziko zaidi upande wa shavu, kule nyuma kwenye magego. Sikupiga ramli. Tezi kubwa ya mate iliyo mbele ya sikio hutoa mate yake kupitia kitundu kilicho ndani ya shavu, kinachotazamana na gego la pili la juu, kwa hiyo sehemu hiyo ya riteina inalowa kuliko nyingine zote. Tezi nyingine zina vitundu vyake chini ya ulimi, nyuma ya meno ya mbele ya chini, yaani pale pale ulipogandishiwa kijiwaya. Vifaa vyako vyote viwili vimekaa mdomoni mwa bomba.

Ukoga ulioganda hautoki kwa sabuni, unataka asidi hafifu. Changanya siki nyeupe na maji baridi kwa kipimo sawa, zamisha riteina kwa dakika 15 hadi 20, kisha isugue kwa mswaki laini na kuisuuza. Kama zimebaki chembe, rudia siku nyingine badala ya kuiacha ilale humo usiku mzima au kuikwangua kwa kisu au pini. Mara moja kwa wiki inatosha, na ukishazoea usafi wa kila siku huenda usiihitaji hata mara hiyo moja. Weupe utakaobaki baada ya siki ni michubuko. Huo hautoki, lakini riteina yenye michubuko na isiyo na ufa, ambayo bado inakaa sawasawa, inaendelea kufanya kazi yake. Sura si tatizo.

Kuna watu humimina siki na soda ya kupikia pamoja, wakifurahia povu. Povu zuri, faida ndogo: asidi na soda zimeshamalizana zenyewe kabla hazijaigusa riteina. Soda itumie peke yake siku ambayo shida ni harufu, kijiko kidogo kwenye glasi ya maji, dakika 15. Nasema soda ya kupikia, sodiamu baikaboneti, wala si magadi, ambayo ni makali zaidi. Klorini ya kufulia isiingie kabisa kwenye shughuli hii. Inaharibu plastiki, inakula chuma, na ikikutana na siki hutoa gesi ya sumu.

Usafi wenyewe wa kila siku hauchukui dakika mbili, na siri yake yote ni wakati. Ukishaivua tu, kabla mate hayajakauka, isuuze. Ukiiacha mezani mpaka urudi jioni, ule utando ambao ungetoka kwa maji matupu unakuwa gundi. Tia tone moja la sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, chukua mswaki laini ambao si ule wa meno yako, usugue nje na ndani. Ndani ndiko watu wanakoruka: kila jino lina kijumba chake, na ncha ya mswaki lazima ifike kwenye sakafu ya kila kimoja. Kisichofikika kifuate kwa kijiti chenye pamba. Tandika taulo dogo kwenye sinki au weka maji kidogo humo, maana riteina yenye sabuni huponyoka, na sinki tupu limezivunja nyingi. Suuza mpaka isibaki ladha ya sabuni.

Vidonge vya kusafishia meno ya bandia, vile vinavyotoa povu kwenye maji, vinafaa pia mara moja au mbili kwa wiki. Fuata muda ulioandikwa kwenye pakiti, usitumie maji ya moto hata kama pakiti inayaruhusu, kisha suuza sana. Vingi vina pasalfeti, kemikali inayowaletea baadhi ya watu mzio. Mwaka 2008 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliwataka watengenezaji waweke onyo kuhusu jambo hilo, kwa kuwa baadhi ya watumiaji walipata mzio, na wengine walikuwa wakiyasukutua maji ya kidonge au hata kuyameza. Kidonge ni cha bilauri, si cha kinywa. Ukianza kuwashwa midomo au fizi, acha. Dawa ya kusukutulia yenye alkoholi nayo haifai kulowekea riteina.

Kama harufu itarudi baada ya haya yote, nusa kikasha. Nimewaona wagonjwa wanaoing'arisha riteina kama shahada ya chuo, kisha wanairudisha kwenye kikasha ambacho hakijaona sabuni tangu kitoke kiwandani. Kioshe unapoiosha riteina, kiache wazi kikauke, na kiwe na matundu ya kupitisha hewa. Na riteina ikae humo, isifungwe kwenye tishu. Ya kwenye tishu huishia kwenye pipa la taka, au mdomoni mwa mbwa, ambaye harufu ya mate humvutia mno.

Harufu nyingine hutoka mdomoni mwenyewe. Usiku mate hupungua, na plastiki inayazuia hata yale machache yasiyafikie meno kuyaosha. Piga mswaki na kupitisha uzi wa meno ndipo uvae, na ukishavaa usinywe chochote isipokuwa maji. Kinywaji chenye sukari kikiingia chini ya plastiki kinakaa humo kikiliogesha jino mpaka asubuhi.

Unapoivua, ianzie nyuma, kwa ncha za vidole vya mikono yote miwili, kulia na kushoto kwa pamoja. Kuivuta upande mmoja ndiko kunakoleta nyufa. Wakati wa kuivaa isukume kwa vidole, usiiume ikae.

Sasa kijiwaya. Hicho huwezi kukivua, na uzi wa kawaida haupiti kwa juu kwa sababu waya umeziba njia. Tafuta uzi wa meno wenye ncha ngumu kama sindano, au kile kitanzi cha plastiki cha kuvutia uzi. Pitisha ncha chini ya waya kutoka mbele kwenda nyuma, vuta, kisha uzi uulalie ubavu wa jino hadi kwenye ufizi, panda na kushuka mara chache, ugeukie jino la pili. Siku za kwanza utatumia dakika kumi na utanilaani. Baada ya wiki mbili zitakuwa tatu. Mswaki ushike wima, usugue kwa ncha yake, juu ya waya na chini ya waya. Kifaa cha kurusha maji kinasaidia kutoa mabaki, ila hakiondoi utando kama uzi unavyoufuta.

Na siki niliyoisema usiithubutu mdomoni. Inayeyusha ukoga mgumu, na kwa njia ileile inalila jino. Ukoga ulioganda kuzunguka kijiwaya huondolewa na daktari kwa vyombo vyake, wengi huhitaji kila miezi sita hivi. Ukienda, chukua na riteina ya juu ndani ya kikasha, aione ikiwa mdomoni.

Usingoje miadi iwapo riteina imepata ufa, au umekosa kuivaa siku kadhaa na sasa haishuki mpaka mwisho. Kubana kidogo usiku wa kwanza ni kawaida. Ikigoma, usiilazimishe, piga simu. Ufa usiuzibe kwa gundi ya dukani. Kijiwaya nacho kikague kila wiki mbele ya kioo: bonyeza kila kitone cha gundi kwa ukucha. Kimoja kikiachia hutasikia maumivu yoyote, waya utaonekana uko mahali pake, na jino lile litaanza kuhama taratibu. Hapo mwone daktari ndani ya siku, si wiki.