Maswali ya wasomaji: Brexit na mzigo unaotoka Lamu

Waingereza walipiga kura tarehe 23 Juni 2016, wakatoka Umoja wa Ulaya 31 Januari 2020, na tangu 1 Januari 2021 forodha yao na ya Ulaya ni mbali mbali. Barua bado zaingia. Tumechagua nne.

Nashona mashati na kaptula za kikoi. Duka moja la London hununua kwangu, kisha huuza mtandaoni. Mteja wao wa Paris ametozwa ushuru, akaukataa mzigo. Sasa duka lataka nipunguze bei, ati karatasi zangu zina kasoro. Kwani nguo za Kenya si huingia Ulaya bila ushuru? (Fundi cherehani, Langoni, Lamu)

Usipunguze hata shilingi, dada. Kilichowaponza ni njia waliyopitisha mzigo.

Kenya ina mikataba miwili ya biashara inayokuhusu hapa. Ule wa Uingereza ulitiwa saini Desemba 2020. Ule wa Umoja wa Ulaya ulianza kazi 1 Julai 2024. Shati lako likifika London, mkataba wa kwanza umeshatumika na umeishia hapo. Likitoka London kwenda Paris, linasafiri chini ya mkataba wa Waingereza na Umoja wa Ulaya, nao husamehe ushuru kwa vitu vilivyotengenezwa kwao wawili tu. Kilichoshonwa Langoni hakimo. Enzi zile Uingereza ikiwa ndani, shati lilikaguliwa mara moja likazunguka kote.

Hesabu yenyewe ni hii. Ushuru wa Ulaya kwa mavazi mengi ni asilimia 12. Mzigo wa yuro 200 hulipa 24, kisha VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya Ufaransa, asilimia 20, hukatwa juu ya 224: yuro 44.80. Jumla 68.80, bado ada ya kampuni ya vifurushi. Nani asingekataa?

Ongea na duka, oda za Ulaya zitoke Kenya moja kwa moja, peke yake, zisichanganywe na za London. Mzigo uende na uthibitisho wa asili, yaani wa nchi ulikotengenezwa: cheti cha EUR.1, ambacho kwetu hutolewa na forodha ya KRA (Mamlaka ya Mapato Kenya), au, kwa mzigo usiozidi yuro 6,000, tamko la asili lililoandikwa kwenye ankara yenyewe. Maneno ya tamko yamo ndani ya mkataba. Yanakili neno kwa neno, usiyatunge. Na mwambie mteja mapema kwamba ushuru ndio unaosamehewa. VAT atalipa vile vile.

Mambo mawili huwakwamisha wengi. Kwanza jina: cheti kina jina la biashara yako, ankara ina jina lako mwenyewe, mzigo unalala. Pili kitambaa. Kikoi kilichofumwa nje, wewe ukakunja pindo na kubandika lebo, si cha Kenya mbele ya forodha. Kukata na kushona nguo nzima ni habari nyingine, lakini soma kwanza sharti la namba ya forodha ya nguo hiyo, ile inayotambulisha aina ya bidhaa. Shati na mkoba hazina sharti moja.

Mteja wa Manchester anataka sanduku dogo la kuchonga. Naweza kuandika "zawadi" kwenye fomu ya forodha? (Mchongaji, Malindi)

Hapana. Zawadi isiyolipiwa VAT Uingereza ni ya hadi pauni 39, itoke kwa mtu binafsi kwenda kwa mtu binafsi, bila malipo. Ukiuza, mzigo usiozidi pauni 135 hulipiwa VAT wakati wa kuuza, wala si bandarini: ukipitia soko kubwa la mtandaoni, soko ndilo linaloikata, ukiuza mwenyewe, wajibu wa kujisajili kwa mamlaka ya kodi ya Uingereza ni wako. Kwa mchongaji wa masanduku kumi kwa mwaka, soko la mtandaoni ni nafuu, pamoja na kamisheni yake. Kwa wateja wa Italia, ambao Malindi ndio wengi, haya ya pauni hayawahusu, kwani wao wamo Umoja wa Ulaya.

Nyumba yangu ya wageni Shela ina bei ya pauni. Niiache hivyo? (Mwenye nyumba, Lamu)

Tusingeiacha. Usiku wa kura ya 2016 pauni ilikuwa karibu dola 1.50; kulipokucha ilikuwa imegusa 1.32, chini kabisa tangu 1985. Oktoba ilikuwa kama 1.22. Dola ikiwa Sh101 hivi, chumba cha pauni 80 kilishuka kutoka karibu Sh12,000 hadi chini ya Sh10,000, na dizeli ya boti haikushuka. Andika bei kwa shilingi au dola. Wakala wa safari akikataa, weka sharti: pauni ikiyumba zaidi ya asilimia 5 kabla mgeni hajafika, bei inapigwa upya. (Lamu, onyo moja la safari kutoka London huvunja oda nyingi kuliko Brexit, lakini hilo halina sharti la kuliandikia.)

Ajenti ataka Sh250,000 anipeleke Uingereza kutunza wazee. Asema Brexit imewaondoa Wapolandi, kazi zimejaa. (Kijana, Maweni, Malindi)

Ajenti wako anakusimulia habari za 2022, mwanetu. Ni kweli watu wa Ulaya walipoteza ruhusa ya kuingia na kufanya kazi watakavyo, na Februari 2022 viza ilifunguliwa kwa watunza wazee wa nchi zote. Machi 2024 wakazuiwa kwenda na mke, mume au watoto. Tarehe 22 Julai 2025 mlango ukafungwa kwa wanaoomba wakiwa nje ya Uingereza.

Muuguzi aliyesajiliwa bado ana njia. Hata yeye huanza na mwajiri mwenye leseni ya kudhamini, na orodha ya waajiri hao iko wazi kwenye tovuti ya serikali ya Uingereza, bure. Hati ya udhamini ni namba anayoitoa mwajiri kwa mtu mmoja, kwa kazi moja, haiuzwi. Mwombe ajenti jina kamili la mwajiri, na namba ya usajili wa yeye ajenti katika Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira ya Kenya. Akikujibu kwamba hayo utayapata ukishalipa nusu, rudi nyumbani na pasipoti yako mfukoni.