Jibu: Faili za RFC ndani ya kifurushi cha Debian

Habari ndugu. Unauliza kama faili za RFC (nyaraka za viwango na taratibu za intaneti) zilizokuja na msimbo chanzo wa programu yako zinaweza kuingia main, sehemu ya programu huru tupu ya mfumo endeshi wa Debian.

Haziwezi. Usianze na manufaa yake, anza na leseni: RFC unaruhusiwa kuinakili na kuisambaza, ila si kuibadilisha utakavyo, na tangu kura ya 2004 Debian inadai uhuru huo hata kwa nyaraka. Ndiyo maana doc-rfc, kifurushi chenye RFC, kimewekwa non-free, yaani sehemu ya vitu visivyo huru.

Mimi huziorodhesha kwenye Files-Excluded (orodha ya faili za kuondolewa) ndani ya debian/copyright, faili la leseni za kifurushi. Uscan, zana inayopakua msimbo chanzo, inaziondoa, nami naongeza +dfsg kwenye namba ya toleo kuonyesha kwamba visivyo huru vimeondolewa. Msimbo uliomo kwenye RFC mpya una leseni ya BSD, ambayo ni huru. Huo usiuondoe, tafadhali.