Unguja kwenda Pemba: kaa kushoto

Ndugu yangu, umeuliza ukae upande gani ukiruka asubuhi kwenda Pemba. Kaa kushoto, na ukirudi kaa kulia. Ndege inaelekea kaskazini mashariki, kwa hiyo jua la asubuhi linabaki kulia na hutapigwa machoni. Musimu wa kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, ndege nyingi hurukia upande wa kaskazini kuukabili upepo, basi Mji Mkongwe na bandari vyote vinakuwa kushoto kwako. Kusi likivuma hurukia kusini, mji hutauona vizuri.

Utamu wenyewe ni Mnemba, kile kisiwa kidogo cha kaskazini mashariki mwa Unguja. Maji yakiwa yamekupwa, mwamba unaokizunguka kisiwa unaonekana wote, na fungu la mchanga jeupe pee. Mimi huangalia majira ya maji kabla ya kukata tiketi, kweli kabisa. Ukikaribia Chake Chake, tazama tena kushoto: kisiwa cha Misali, vijisiwa na mikoko ya magharibi ya Pemba.

Vindege vidogo vya Caravan bawa liko juu ya dirisha, halizibi chini. Ila mara nyingi kiti hakina namba, kwa hiyo simama mbele kwenye foleni.