Kijana amenyamaza: anzia zahanati, si Mirembe

Barua za safari hii zimetoka pande zote za mkoa, na karibu zote zinauliza jambo moja: kijana amebadilika, tufanyeje kabla hayajawa makubwa? Mimi muuguzi wenu nimechagua tano zinazogusa sonona, yaani ugonjwa wa huzuni na kukosa raha.

Binti yangu ana miaka 15, kidato cha pili. Tangu mwezi wa nne hataki kwaya, hataki kusuka, akiulizwa anajibu kwa ukali, na kila siku ni kichwa au tumbo. Baba yake anasema ni kiburi cha ujana. Nikimpeleka hospitali si watasema ni wa Mirembe, kwenye hospitali ya magonjwa ya akili? (Mama, Nkuhungu)

Mama, kiburi cha ujana kina mapumziko. Asubuhi anakununia, jioni wenzake wakimpitia unasikia kicheko hadi barabarani. Sonona haina mapumziko hayo: inakaa wiki 2 au zaidi, karibu kila siku, sehemu kubwa ya siku. Tena kwa vijana huzuni mara nyingi hutoka kama hasira, ndiyo maana baba yake anaona kiburi. Kilichonishtua mimi katika barua yako si ukali, ni kwaya. Mtoto akiacha kitu alichokuwa anakipenda mwenyewe, bila kugombana na mtu, usisubiri matokeo ya mtihani yakwambie.

Kuhusu Mirembe, sisi wa Dodoma tumeligeuza jina la hospitali kuwa tusi, na tunaolipa ni sisi wenyewe, maana watu wanafika pale wakiwa wamechelewa. Binti yako hana haja ya kuanzia huko. Mpeleke zahanati au kituo cha afya cha kata. Watampima malaria na wingi wa damu, na ni sawa, kwani upungufu wa damu nao humfanya mtu achoke na kukosa hamu. Ila ukisema "anaumwa kichwa" tu, mtarudi na Panadol. Sema hivi: "Ana miezi hana raha, ameacha alivyovipenda, na usingizi na kula kwake kumebadilika." Ukishasema hivyo, tabibu hawezi kuishia kwenye kichwa tu.

Ninafanya kazi zahanati, nina dakika 5 kwa mgonjwa na foleni imefika mlangoni. Sonona nitaionaje? (Muuguzi, Bahi)

Mwenzangu, foleni hiyo naijua. Anza na maswali 2: katika wiki 2 zilizopita, ni mara ngapi umekosa hamu au raha ya kufanya mambo? Na ni mara ngapi umejisikia mnyonge, mwenye huzuni au umekata tamaa? Kila jibu lina alama 0 hadi 3. Zikifika 3 kwa jumla, endelea na dodoso kamili la maswali 9, ambalo lipo kwa Kiswahili. Alama zake za juu kabisa ni 27, na kuanzia 10 usimwache aende bila mazungumzo na tarehe ya kurudi. Alama peke yake si ugonjwa, inakuonyesha tu nani umkalishe.

Marekani jopo lao la wataalamu wa kinga ya magonjwa linashauri vijana wote wa miaka 12 hadi 18 waulizwe, hata aliyekuja kwa ajili ya kikohozi. Sisi tungeanza na hawa wanaorudi mara tatu kwa tumbo lisilo na sababu. Mwombe mama asubiri nje kidogo. Na swali la 9, la kutamani kufa au kujidhuru, usiliruke kwa aibu. Kumuuliza kijana hakumpandikizii wazo, mara nyingi humtua mzigo.

Nimesikia kuna programu ya simu inayozuia sonona. Shule yetu ifanye mpango? (Mwalimu wa malezi, Kibaigwa)

Mwalimu, huenda uliyoisikia ni CATCH-IT ya Marekani, kazi ya Dkt. Benjamin Van Voorhees na wenzake. Nzuri yake ni kwamba haianzii kwenye simu. Kijana anatambuliwa kliniki ya kawaida, mhudumu anazungumza naye, ndipo anakwenda kusoma masomo yake kwenye intaneti. Waliijaribu kwa vijana 369 maeneo ya Chicago na Boston. Kwa wastani haikuyazidi masomo ya kawaida ya afya, ila waliokuwa na dalili nyingi zaidi mwanzoni walionekana kufaidika. Na programu za aina hii zina donda moja kila mahali: vijana wanaanza, hawamalizi.

Hapa kwetu ongeza bei ya bando, na kwamba wanafunzi wako hawaruhusiwi simu shuleni. Ningekuwa wewe ningetazama Kenya. Mpango wa Shamiri uliwakutanisha wanafunzi kwa vikundi, vikao 4 vya saa moja, wakiongozwa na vijana waliomaliza shule juzi juzi tu. Utafiti wa wanafunzi 413, uliochapishwa mwaka 2021, ulionyesha dalili za sonona zilipungua kuliko kwa wenzao waliofundishwa mbinu za kujisomea. Hapakuwa na programu ya simu. Kama lazima pawe na simu, bandika ukutani namba 116, ya huduma kwa mtoto: ni bure, na kitochi kinatosha.

Mpwa wangu amesema mara mbili "bora nife". Jirani ametupatia vidonge vya usingizi vilivyobaki kwake. (Mjomba, Mpwapwa)

Rudisha hivyo vidonge leo. Vya usingizi si dawa ya sonona, na dawa za sonona kwa vijana huandikwa na mtaalamu, tena kwa uangalifu. Usimwache peke yake, toa ndani dawa ya shambani na vidonge vyote, kisha mpeleke kituo cha afya au hospitali leo hii. Usimwambie anatafuta huruma.

Shikamoo daktari. Nipo kidato cha nne, nimepanga geto karibu na shule, nyumbani ni mbali. Usiku sipati usingizi nashika simu mpaka saa nane. Nikisema nina mawazo wanasema niwe mwanaume. (Kijana, Hombolo)

Marahaba, mdogo wangu. Mimi ni muuguzi, daktari ni mkubwa wangu. Nami niliwahi kupanga chumba nikisoma, na najua jioni ndiyo inayouma: unapika peke yako, unakula peke yako, kisha giza. Simu hapo inakuwa mwenzio, sikulaumu, lakini inakula usingizi, na kukosa usingizi kunaongeza mawazo. Iache kwa jirani ichaji usiku. Mkaribishe mwenzako wa geto la pili mpike sufuria moja, hata mara mbili kwa wiki. Kama mpira ulikuwa unacheza, Jumamosi nenda uwanjani hata kama hamu haipo, hamu mara nyingi huja ukiwa umeshaanza. Wiki 2 zikipita hivyo hivyo, pita zahanati kabla ya kipindi cha kwanza, useme haya haya uliyoniandikia mimi. Na siku ikiwa nzito kuliko hizo, usingoje, piga 116.