Konsaltanti wa kuandika proposali: someni hii kabla hamjasaini

Wiki iliyopita kijana mmoja anayeendesha kashirika kadogo huku Nyalenda, Kisumu, alinitumia kandarasi kwa WhatsApp na swali moja tu, "dada iko sawa?" Nilifika kifungu cha nne nikaweka simu chini. Konsaltanti atachukua asilimia 20 ya pesa yoyote itakayoingia. Nilimpigia hapo hapo. Huyu ni wa tatu mwaka huu wadogo zangu, kwa hivyo naandika mara moja, mtumiane.

Sisemi msitafute mtu wa nje. Shirika la watu wanne, wewe ndio mkurugenzi, wewe ndio unafuatilia risiti za boda, na dedilaini ni Ijumaa, utaandika logifremu, lile jedwali la malengo na shughuli za mradi, saa ngapi? Na tangu ile amri ya Marekani ya Januari 2025 iliyosimamisha pesa za USAID, shirika lao la misaada, Kisumu imejaa watu waliofanya miradi mikubwa kwa miaka, wanajua bajeti ndani nje, na wako nyumbani. Wapeni kazi. Lakini muwape vizuri.

1. Asilimia hapana. Hata wachangishaji wenyewe kupitia chama chao cha kimataifa, AFP, maadili yao yanakataza malipo ya asilimia au kamisheni. Na sababu haiko mbali, iko kwa bajeti yako. Mfadhili akikupa milioni 3 za taulo za wasichana na karo, hiyo 600,000 ya konsaltanti utaitoa laini gani? Utaificha kwa "ufuatiliaji", mkaguzi ataiona, ataikataa, na mfadhili atadai uirudishe kwa pesa ambayo huna. Lipa kwa siku au kwa kazi, nusu rasimu ikifika, nusu ikishatumwa, kutoka kwa pesa isiyofungwa na mradi. Kama malipo ni 24,000 kwenda juu kwa mwezi, kata ile kodi ya zuio ya asilimia 5 upeleke KRA, mamlaka ya kodi. Mkikosa pesa ya mfadhili bado amefanya kazi, mlipeni.

2. Imeli ni ya shirika, paswadi ni yako. Maswali ya mfadhili yaje kwako kwanza. Hiyo sitaeleza zaidi.

3. Angalia anaandika nini kuhusu usajili. Sheria ya PBO, ile ya mashirika ya manufaa ya umma, ilianza kufanya kazi Mei 2024 na bado naona fomu zimejazwa "NGO Board", ile bodi ya sheria ya zamani.

4. Sasa hii ya nne kaeni chini.

Mwaka 2021 tulichukua konsaltanti wa Nairobi atuandikie barua ya kuomba michango ya Desemba, ile wanayotumiwa marafiki wa shirika walioko nje, kwa sababu Wamarekani wengi hutoa mwisho wa mwaka. Kijana mzuri, anaandika Kiingereza safi, hajawahi kukanyaga Nyalenda hata siku moja. Mimi nilimtumia picha kama 40 hivi bila maelezo na voisi ya dakika mbili. Akachagua picha ya msichana mmoja wa darasa la saba mwenye sweta ya kijani, akaniuliza, huyu ana wazazi? Nilikuwa kwa matatu natoka Ahero, nikamjibu maneno mawili: baba alifariki. Basi. Sikusema mama yuko, sikusema mama ndiye anamsomesha.

Barua ikaja usiku, stima zimepotea, simu iko asilimia 9. Nikasoma aya ya kwanza, nikashuka chini kuangalia namba ya akaunti, iko sawa, nikaandika "tuma". Akatuma kwa watu wote na akaiweka kwa Facebook ya shirika, picha kubwa, jina la kwanza la msichana, jina la shule, na kwamba ni yatima wa baba na mama, na yeye analala kwa majirani.

Jumanne asubuhi mama yake akafika ofisini moja kwa moja kutoka soko la Kibuye. Aliweka ndoo ya omena pale mlangoni, akafuta mikono kwa leso, akatoa simu ya jirani yenye kioo kimepasuka akanionyesha mtoto wake. Hakupiga kelele. Aliniuliza, "Madam, mimi nimekufa lini?"

Sikuwa na jibu. Mnajua kwetu kumtangaza mtu amekufa na yuko hai ni kumwitia kifo, na hawa ni watu waliokuwa wanatufungulia mlango na kutupa chai kila tukienda. Msichana alikaa wiki nzima bila kwenda shule kwa sababu wenzake walikuwa wanamuuliza ni nani huwa anampikia. Mwenyekiti wetu, mzee wa watu, alinipeleka hadi kwa ile nyumba tukaomba msamaha mbele ya majirani waliosoma ile kitu. Tukaitoa Facebook, tukamwandikia kila aliyechanga ukweli ulivyo, wawili wakaomba pesa zao tukarudisha. Sheria ya kulinda data ya 2019 inasema wazi data ya mtoto inahitaji ridhaa ya mzazi au mlezi, na nilikuwa nimehudhuria hadi semina yake. Konsaltanti hakunidanganya. Aliuliza, mimi ndiye nilijibu nusu, mimi ndiye nilisema tuma, na jina lililokuwa chini ya barua lilikuwa langu.

Tangu hapo konsaltanti lazima aje fildi siku mbili, nauli na malazi juu yetu, iandikwe kwa kandarasi. Uso wa mtoto hauendi. Na hadithi yoyote tunamsomea mwenyewe kwa Dholuo au Kiswahili, aya kwa aya, kabla haijatoka. Inachukua muda, najua, dedilaini inapiga, someni tu. Mwezi uliopita mama mmoja wa Dunga alitusimamisha aya ya pili, akasema hapana, mafuriko hayakubeba duka langu, nililifunga mwenyewe nikalipa deni la hospitali. Konsaltanti akafuta pale pale na kalamu, na ile aya mpya ndiyo mfadhili aliulizia zaidi.

5. Weka nakala ya kila kitu kilichotumwa, hata kilichokataliwa.

Na wewe mwenye kandarasi, bado usisaini. Niko ofisini Alhamisi kutoka saa tatu, kuja na bajeti ya mwaka jana tuone pesa ya kumlipa siku zake itatoka wapi.