Kwa nini wasikae kimya? Barua kwa mwanangu

Mwanangu mpendwa,

Hapa Mombasa sote tu wazima, na shangazi yako anakusalimu. Katika barua yako umeniuliza hivi: ikiwa Katiba ya mwaka 2010 inamlinda kila Mkenya, kwa nini wanaharakati wanaotetea mashoga, wasagaji na wenzao wasiiache sheria ifanye kazi yake, badala ya kujitokeza hadharani na kuzidisha uhasama?

Jibu langu ni kwamba Katiba haimtetei mtu mpaka apatikane wa kuishika na kuipeleka mbele ya jaji, na mtu huyo hulazimika kutaja jina lake mahali ambapo karani, mwandishi wa habari na jirani watalisikia. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo.

Tazama kesi ya wakili Eric Gitari. Alipotaka kusajili shirika la kutetea haki za watu hawa, Bodi inayoratibu mashirika yasiyo ya kiserikali ilikataa hata majina aliyoyapendekeza, kwa hoja kwamba Kanuni ya Adhabu inaharamisha mapenzi ya jinsia moja. Alikwenda mahakamani mwaka 2013. Mahakama Kuu ilimpa haki Aprili 2015, Mahakama ya Rufaa ikakubaliana nayo Machi 2019, na Mahakama ya Juu ikafunga shauri tarehe 24 Februari 2023, majaji watatu dhidi ya wawili, ikisema kwamba uhuru wa kujiunga na wengine katika Kifungu cha 36 cha Katiba ni wa kila mtu. Ilichukua takriban miaka kumi kupata ruhusa ya kuandikisha jina tu! Nani angeivumilia safari hiyo kama si mwanaharakati? Wala usidhani walipata kila kitu, kwa maana kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu, chenye adhabu ya hadi miaka 14 jela, kingali kipo, na ombi la kukifuta lilikataliwa na Mahakama Kuu Mei 2019.

Lakini kesi inayonigusa zaidi ilitokea karibu nasi, Kwale. Mwaka 2015 wanaume wawili walikamatwa, wakapelekwa hospitalini kupimwa sehemu zao za siri kwa nguvu ili ushahidi upatikane mwilini mwao. Mahakama Kuu ya hapa Mombasa iliona mwaka 2016 kwamba walikuwa wameridhia, kana kwamba mtu aliye mikononi mwa polisi ana nafasi ya kukataa. Shirika lile la Gitari, ambalo usajili wake ulikuwa bado unabishaniwa, halikukata tamaa, na Machi 2018 Mahakama ya Rufaa ikatamka kwamba vipimo hivyo ni kinyume cha sheria. Wanaume wale wangekaa kimya, vipimo vingeendelea kwa wengine, na hakuna ambaye angejua.

Kuhusu uhasama, naona umeanzia mwisho wa habari. Nchini Uganda, Oktoba 2010, gazeti moja lilichapisha majina na picha za watu liliowaita mashoga na kuhimiza wanyongwe. Mwanaharakati David Kato na wenzake wawili walilishtaki baada ya hapo, wakashinda Januari 2011, na mwezi huohuo Kato akauawa nyumbani kwake. Polisi walisema chanzo kilikuwa wizi, na sitaki kukuambia zaidi ya ninayoyajua. Ila amri ya mahakama ya kulizuia gazeti lile isingepatikana kwa kunyamaza.

Umeandika pia kwamba wenzako kazini wanaleta hoja za dini. Nami nina dini yangu na sijaiacha, lakini hakuna jaji aliyemtaka yeyote abadili imani. Kilichoulizwa ni kama serikali inaweza kumnyima raia haki ambayo mwenzake anaipata kwenye dirisha lilelile, na kwa hilo siwezi kusema ndiyo.

Usinitegemee mimi peke yangu. Soma hukumu ya 2023 yote, pamoja na maoni ya majaji Mohammed Ibrahim na William Ouko, walioona kwamba Bodi ilikuwa sahihi kukataa, kisha uniandikie ni hoja ipi iliyokushawishi.

Wako akupendaye,
Mama